Chipu za Viwanda Mbalimbali Katika Ubao Mmoja: Historia ya Kuchanganya RAM

Kuchanganya RAM, yaani kuweka katika kompyuta moja vipande vya kumbukumbu vilivyotoka viwanda tofauti au vilivyonunuliwa nyakati tofauti, ni desturi yenye umri sawa na kompyuta ya mezani yenyewe, na katika miaka yake ya mwanzo ilihesabiwa kuwa jambo la kawaida kabisa. Leo wauzaji huwatahadharisha wateja dhidi yake, na watengenezaji hukataa kutoa dhamana kwamba seti mbili zitapatana hata pale zinapobeba namba moja ya bidhaa. Kasi ya mashine ilichangia sana mabadiliko hayo, lakini chanzo chake kikubwa zaidi ni kuhama kwa maarifa. Taarifa za kumwezesha mtu kujua kama vipande viwili vitafanya kazi pamoja ziliwahi kuchapwa juu ya mgongo wa chipu na kusomeka kwa macho. Baadaye zikahamia ndani ya chipu ndogo inayosomwa na mashine. Kisha sehemu yake muhimu ikafunikwa na nembo ya biashara. Kadiri taarifa hizo zilivyomwondokea mnunuzi, ndivyo kuchanganya kulivyogeuka kuwa bahati nasibu.

Kumbukumbu inayohusika hapa ni ile iitwayo DRAM, ambayo Robert Dennard wa kampuni ya IBM alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1968. Ndani yake kila biti, yaani tarakimu moja ya sifuri au moja, hutunzwa kama chaji ya umeme katika kapasita ndogo mno inayofunguliwa na kufungwa na transista moja, na kwa kuwa chaji hiyo huvuja, sharti ijazwe upya mara nyingi katika kila sekunde. Chipu zinazofuata kanuni hiyo moja hutofautiana kwa muda zinaotumia kuitikia ombi la prosesa, kwa utaratibu wa kujazwa upya na kwa volti zinazohitaji, na ni katika tofauti hizo tatu ambamo migogoro mingi ya kuchanganya imezaliwa.

Kompyuta binafsi ya IBM iliyotolewa Agosti 1981 ilimkabidhi mwenye mashine jukumu la kuijenga kumbukumbu kwa mkono. Chipu zake zilibeba kilobiti 16 kila moja na kutoa biti moja kwa wakati, kwa hiyo zilipangwa kwa safu ya chipu tisa: nane za kuunda baiti moja, na ya tisa ya kutunza biti ya pariti, ambayo ni biti ya ukaguzi inayoonyesha kama idadi ya tarakimu moja ndani ya baiti ni witiri au shufwa. Safu ya kwanza ilichomelewa kiwandani kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu unaobeba prosesa, na safu tatu nyingine zilikuwa soketi tupu za kujazwa na mnunuzi, ambaye baada ya kuzijaza alisogeza vijiswichi vidogo ili kuiarifu mashine kiasi cha kumbukumbu ilichopata. Kampuni nyingi za Marekani na Japani zilitengeneza chipu za namna ileile, na ilikuwa kawaida safu moja kuwa na chipu za viwanda viwili au vitatu.

Uhuru huo ulitegemea utaratibu mmoja rahisi. Mashine ilitoa ombi na kusubiri kwa muda maalumu uliopangwa, na chipu yoyote iliyoweza kuitikia ndani ya muda huo ilikubalika, wala ile iliyowahi zaidi haikumdhuru jirani yake. Muda wenyewe ulichapwa mgongoni mwa chipu kwa namba ya nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde, ambapo 15 ilimaanisha nanosekunde 150 na 20 ikamaanisha 200, na kilichotakiwa ni namba isiyozidi ile iliyotajwa katika mwongozo. Hatari zilizobaki zilikuwa za mikono: miguu ya chipu kupinda, chipu kuwekwa kinyume, au chipu kupanda polepole kutoka kwenye soketi kwa sababu ya chuma kutanuka na kusinyaa mashine inapopata joto na kupoa. Kosa lilipotokea, biti ya pariti iliisimamisha mashine papo hapo, jambo lililoudhi watumiaji wengi lakini ambalo lilikuwa uaminifu wa hali ya juu kuliko ule wa kompyuta nyingi za nyumbani zilizofuata.

Kampuni ya Wang Laboratories, katika miaka ya mwanzo ya 1980, iliziweka chipu tisa kwenye kikadi kimoja chenye pini 30, kikaitwa SIMM. Kikadi hicho kilitoa biti nane za data kwa mkupuo, wakati prosesa ya 386DX na ile ya 486 zilisoma biti 32, na hivyo safu moja ilihitaji kadi nne. Hapo ndipo kanuni ya kwanza ya kweli ya kuchanganya ilipozaliwa: kadi nne za safu moja zilingane ukubwa na kasi, ilhali safu ya pili yaweza kuwa ya namna nyingine. Hata hivyo kulingana kwa ukubwa hakukutosha daima. Kadi ya megabaiti moja iliweza kujengwa kwa chipu tisa ndogo au kwa chipu tatu, mbili kati yake zikiwa kubwa, na kwa kuwa chipu hizo kubwa zilikuwa na utaratibu wake wa kujazwa upya, baadhi ya mazabodi zilikataa safu iliyochanganya aina hizo mbili. Lakini tofauti hiyo ilionekana kwa kuhesabu tu vipande vyeusi juu ya kadi, na fundi aliyeshika kadi mkononi alikuwa na ushahidi mbele yake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa madini ya miguso: kadi yenye pini za dhahabu ikiwekwa katika soketi ya bati, kutikisika kidogo kwa joto na baridi kulifanya kutu ya bati ijikusanye juu ya dhahabu, na baada ya miezi kadhaa makosa yakaanza kujitokeza bila mpangilio, ila rangi ya njano na ya kijivu ilimwonya yeyote aliyejua kutazama.

Soko nalo liliwasukuma watu kuchanganya. Tarehe 4 Julai 1993 mlipuko na moto viliharibu kiwanda cha Sumitomo Chemical mjini Niihama, Japani, kilichotengeneza sehemu kubwa ya utomvu wa epoksi uliotumika ulimwenguni kufunikia chipu, na bei ya RAM ikapanda kwa kishindo ndani ya wiki chache. Mwenye kompyuta mpya hakuwa tayari kutupa kadi nne za zamani zilizomgharimu fedha nyingi, na kukauzwa vibebeo vilivyoruhusu kadi za pini 30 kuingia katika sloti mpya za pini 72. Kadi hizo za pini 72 zilitoa biti 32 kila moja, na Pentium iliyosoma biti 64 ikazidai kwa jozi. Kipindi hicho cha mpito kiliharibu vifaa vingi kwa sababu ya volti: mazabodi kadhaa za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na sloti za SIMM za volti 5 pamoja na sloti za kadi mpya ziitwazo DIMM za volti 3.3, na miongozo yake ilionya kwamba kuzijaza zote kwa pamoja kungeweza kuua kadi mpya. Wakati huohuo biti ya pariti ilikuwa ikitoweka, kwani chipseti ya Intel 430FX ya mwaka 1995, yaani kundi la chipu linalounganisha prosesa na vifaa vingine, haikuitambua kabisa. Tangu hapo kompyuta ya kawaida yenye mchanganyiko mbaya haikusimama na kukiri kosa. Iliharibu faili kimyakimya, na hilo lilikuwa badiliko baya kuliko yote yanayosimuliwa hapa.

Hatua ya pili ya kuhama kwa taarifa ilikuja na SDRAM, kumbukumbu inayokwenda sambamba na mapigo ya saa ya mazabodi. Mwaka 1998 Intel ilitoa chipseti ya 440BX pamoja na vipimo vya PC100, vilivyotaka kila kadi ibebe chipu ndogo iitwayo SPD, isiyosahau yaliyomo hata umeme ukikatika, na ambayo hutangaza ukubwa, mpangilio na nyakati za kadi. BIOS, yaani programu inayoamsha mashine, huzisoma SPD zote na kuchagua mwendo ambao kadi dhaifu kuliko zote itauweza. Kuchanganya kulipata msuluhishi, na kwa miaka michache kadi ya PC133 iliishi kwa amani pamoja na ya PC100 kwa mapigo ya megahezi 100. Ila msuluhishi huyo alisoma kile tu alichofundishwa kusoma. 440BX haikujua kuzitumia chipu za megabiti 256, hivyo kadi ya megabaiti 256 yenye chipu nane za aina hiyo ilionekana kuwa na megabaiti 128 tu, ilhali kadi nyingine ya ukubwa uleule yenye chipu 16 ilisomwa yote. Lebo za kadi hizo mbili zilitaja kiasi kimoja.

Jaribio la Intel na kampuni ya Rambus kuleta RDRAM kati ya mwaka 1999 na 2002 halikudumu, lakini lilizoesha soko wazo la kadi zinazonunuliwa kwa jozi, kwani chipseti ya 850 ya Pentium 4 ya kwanza ilizidai hivyo, na sloti iliyobaki tupu ililazimika kuzibwa kwa kadi maalumu isiyo na kumbukumbu yoyote. Nvidia kwa chipseti ya nForce ya mwaka 2001, na Intel kwa chipseti za 865 na 875P za mwaka 2003, zilitumia DDR, kumbukumbu ya bei nafuu zaidi, kwa njia mbili zinazosomwa kwa pamoja. Kwa njia hizo mbili kulingana kwa kadi kulikuwa na faida ya wazi, na wauzaji wakaanza kufunga kadi mbili katika pakiti moja na kuiita seti. Kiufundi sharti hilo lililegea, maana chipseti za Intel zilizofuata baadaye ziliweza kuunganisha kadi ya gigabaiti moja na ya nusu gigabaiti, zikisoma sehemu iliyolingana kwa njia mbili na iliyozidi kwa njia moja. Biashara ya seti haikulegea.

Mwaka 2007 Intel ilianzisha XMP, ambayo ni nyongeza katika SPD inayobeba nyakati na volti zilizo juu ya viwango vya JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya pamoja vya sekta hii. Kadi ya DDR4 iliyoandikwa 3200 yenye ucheleweshaji wa mapigo 16 hutoa data ya kwanza baada ya nanosekunde 10, wakati kadi ya JEDEC ya kasi hiyohiyo yenye mapigo 22 huchukua nanosekunde 13.75. Mwanya huo mwembamba mtengenezaji anauthibitisha kwa kuzijaribu pamoja kadi za seti moja tu. Mbaya zaidi, chipu zenyewe zimefichwa chini ya bamba la kupozea, na namba moja ya bidhaa yaweza kubeba chipu za Samsung mwezi huu na za Micron au Hynix baada ya miezi sita. Kampuni ya Corsair ilifanya jambo la kusifiwa ilipochapa kwenye lebo namba ya toleo, ambamo toleo linaloanza na 4 ni la Samsung. Lakini ni wanunuzi wachache waliojua kuisoma. Prosesa za Ryzen za kampuni ya AMD zilipotoka Machi 2017 na kuonekana kuchagua sana kumbukumbu, ndipo wengi walipogundua kwamba kilichoamua kuwaka au kutowaka kwa mashine ni kitu ambacho duka halikukitaja.

Kwa hiyo si sahihi kuhukumu mchanganyiko wote kwa kipimo kimoja. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na Ghuba, ambazo huuzwa kwa wingi Dar es Salaam na Nairobi, kwa kawaida hufuata viwango vya JEDEC bila XMP, na ndani yake kadi za DDR3 za viwanda tofauti hukaa pamoja mara nyingi bila tatizo, kwa sababu viwango hivyo viliwekwa hadharani kwa ajili ya kazi hiyo hasa.

Katika DDR5, iliyokamilishwa na JEDEC Julai 2020, swali lenyewe limesogea. AMD ilipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022, iliahidi kasi ya 5200 kwa kadi mbili, lakini 3600 tu kwa kadi nne, kwa sababu kila kadi ya ziada katika njia moja huchafua ishara za umeme zinazopita humo. Kushuka huko hutokea hata kama kadi zote nne zimetoka katika pakiti moja, kwa hiyo anayetaka kutoka gigabaiti 32 kwenda 64 hushauriwa auze kadi zake mbili za gigabaiti 16 na kununua mbili za 32.