Jua kali wa Kona: chambo bandia hakikuzaliwa dukani

Wasee, neno kurambaza mnalijua? Siku hizi wataalamu wa kompyuta wanalitumia kumaanisha kupitia mitandao. Lakini kwa mvuvi wa Pwani maana yake ni ya zamani zaidi: unakokota mshipi nyuma ya chombo kikiwa mwendoni, ndoana inakimbia karibu na uso wa maji, na samaki anadhani mlo wake unatoroka.

Leo ukiona picha za Watamu, boti kali na nduaro mrefu kuliko mlango, unasema huo ni mchezo wa matajiri. Vyambo bandia vyenyewe, vya rangi zote, bei yake si mchezo. Lakini hebu tuulize: nani alivitengeneza kwanza?

Anza Polynesia. Wavuvi wa Hawaii walikuwa na pā hī aku, chambo cha kunasa aku, aina ya jodari mdogo. Walichonga gamba la chaza ling'ae kama dagaa, wakafunga ncha ya mfupa, na nyuma wakaweka nywele ngumu za nguruwe. Nyama ya chambo? Hakuna. Mng'ao na mwendo tu ndivyo vilimdanganya samaki.

Sasa ruka hadi Kona, kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii, miaka ya 1940 na 1950. Pale milima inakinga upepo na kina kirefu kiko karibu na ufuo. Manahodha wa boti za kukodisha, kina Henry Chee na George Parker, hawakuwa na duka la kuwauzia walichotaka. Wakajitengenezea. Bomba la kromu kama la bafuni likakatwa mshazari. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia resini ikaanza kupatikana, nayo ikamwagwa kwenye kalibu za kujitengenezea. Tyubu kuukuu ya gari ikakatwa vipande vyembamba, ikawa mkia. Manze, hiyo ni jua kali kabisa. Gikomba wangewaelewa bila mkalimani.

Na usidhani walibahatisha. Ule mkato wa mshazari ndio siri yote. Chambo kikivutwa, uso wake unasukuma maji, kinapanda juu kuvuta hewa, kisha kinazama kikiacha moshi wa mapovu. Badilisha mkato kidogo tu na mwendo wote unabadilika. Tena kinavumilia kasi kuliko samaki halisi aliyefungwa kwenye ndoana, kwa hivyo boti inapita eneo kubwa zaidi kwa siku moja. Hiyo ni fizikia, na maabara yao ilikuwa bahari: kata, vuta, tazama, rudia.

Mwaka 1954 Parker akatoa nduaro wa pauni 1,002, karibu kilo 454. Mwaka 1959 Kona ikaanzisha mashindano ya kimataifa ya nduaro, na wageni wakajionea mambo ya mafundi wa huko. Leo kile kichwa cha mshazari kinakokotwa bahari nyingi duniani, pamoja na yetu.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo ukisema sina cheti cha historia, ni sawa. Lakini kitu kimoja nakiona wazi. Chee na Parker tunawajua kwa sababu kuna mtu aliandika. Malindi inapenda kumtaja Hemingway, aliyevua pale mwaka 1934. Wangapi wetu tunaweza kumtaja baharia mmoja wa Pwani wa enzi hizo? Waliorambaza kwa jahazi na ngalawa nao walikuwa na mbinu zao, na mbinu isiyoandikwa inazikwa na mwenyewe.

Kwa hivyo kama una babu au mjomba Faza, Shimoni au Vanga, washa simu umrekodi. Muulize alifunga nini kwenye ndoana kabla ya maduka kuja, na nani alimfundisha. Uandike na jina la huyo aliyemfundisha.