Jamii Iliyotengwa: Istilahi ya Katiba na Uzito Wake

Mwaka 2006 Wail Chamus wa pwani ya Ziwa Baringo walipata hukumu katika Mahakama Kuu ya Kenya. Malalamiko yao yalikuwa mepesi kuelewa: katika eneobunge lao walizidiwa sana idadi na Watugen, hivyo wangepiga kura miaka nenda miaka rudi bila kumpata mbunge wao. Kila uchaguzi ungefuata sheria, na kila mara wangetoka mikono mitupu. Mahakama ilikubali kwamba wao ni jamii ya kipekee ambayo wachora mipaka ya maeneobunge walipaswa kuizingatia.

Magazeti yetu huwaita watu wa aina hii "makabila madogo" au "walio wachache". Majina hayo humfanya msomaji aanze kuhesabu vichwa, ilhali sheria inauliza jambo jingine: nani hana sauti pale maamuzi yanapofanywa? Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wakijumlishwa ni mamilioni, na bado Katiba inawakinga.

Katiba ya Kenya ya 2010 ina istilahi bora zaidi, nayo ni "jamii iliyotengwa". Kifungu cha 260 kinataja aina nne: jamii iliyoshindwa kushiriki kikamilifu katika maisha ya taifa kwa sababu ya uchache wake au sababu nyingine, jamii ya kijadi iliyobaki kando ili utamaduni wake usimezwe, jamii ya kiasili inayoendeleza maisha ya uwindaji au ukusanyaji, na wafugaji, wawe wa kuhamahama au jamii iliyotulia mahali ambayo umbali umeinyima nafasi ya kushiriki.

Uzuri wa istilahi hii umo katika kile kiambishi cha kutendwa. Aliyetengwa ametengwa na mtu, kwa hiyo neno lenyewe linadai mtendaji atajwe: serikali ya kikoloni iliyotwaa ardhi, au bajeti zilizopitisha barabara kwingine mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, aina ya pili inalipa taabu neno hili. Jamii iliyoamua kubaki kando ili kulinda lugha na mila zake imejitenga, haikutengwa. Katiba imewaweka wote chini ya jina moja, nami naona ilifanya vyema, kwa kuwa anayejitenga kwa hofu ya kumezwa hakuchagua kwa uhuru kamili. Lakini mfasiri makini atalieleza hilo, asiliache lipite.

Pia usichanganye jamii na kundi. "Kundi lililotengwa", katika kifungu hicho hicho, ni pana zaidi: ni watu walioumizwa na ubaguzi wa kisheria au wa mazoea, kwa misingi kama jinsia, ulemavu au dini.

Majina haya huzaa wajibu. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango maalumu ya kuwapa walio wachache na makundi yaliyotengwa uwakilishi, elimu, ajira, maji na huduma za afya. Kifungu cha 204 kinaunda Hazina ya Usawazishaji, yenye asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma.

Waogiek, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa Msitu wa Mau nchini Kenya, wanajua umbali uliopo kati ya karatasi na maisha. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliwatambua kuwa jamii ya kiasili na kuamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo ile ya ardhi. Ilikataa pia hoja ya serikali kwamba walifukuzwa msituni humo ili msitu uhifadhiwe. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi ya mababu zao kwa hatimiliki ya pamoja.

Waandishi na watafsiri wenzangu, tuandike "jamii iliyotengwa", kisha katika aya ileile tuseme ilitengwa na nani.