Ujazaji wa Kati na Kiolezo katika Uhuishaji wa Vekta

Ujazaji wa kati ni utaratibu ambao programu ya uhuishaji huutumia kuzizalisha fremu zilizo baina ya fremu mbili alizoziandaa mhuishaji, na ndio unaojulikana pia kwa jina la twini, lililotoholewa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya "baina ya". Kazi yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Katika studio za katuni za Marekani, kama ile ya Walt Disney, mchoraji mkuu alichora mikao muhimu ya mwendo, yaani fremu kuu, kisha wasaidizi wakaichora kwa mkono mikao yote ya katikati, kazi iliyodai subira kubwa kwa kuwa sekunde moja ya filamu hupitisha fremu 24. Wasaidizi hao waliujua mwili waliouchora, hivyo walipouona mkono ukiwa chini katika mchoro wa kwanza na ukiwa juu katika mchoro wa mwisho, walielewa kwamba mkono huo umezunguka begani kwa kufuata tao, wala haukusinyaa na kurefuka tena njiani.

Kompyuta haina ujuzi huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nestor Burtnyk na Marceli Wein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada walibuni mfumo wa kukokotoa fremu za kati, ambao Peter Foldès aliutumia kutengeneza filamu yake fupi iitwayo La Faim, ya mwaka 1974. Msingi wa hesabu hiyo ndio uliomo hadi leo katika programu iliyotoka mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash Animator, ikaitwa Flash baada ya kununuliwa na Macromedia, na tangu mwaka 2016 ikaitwa Adobe Animate. Mchoro wa vekta huhifadhiwa kwa namba zinazoeleza nukta, mistari na mipindo yake, kwa hiyo kitu kilicho kwenye nafasi ya 100 katika fremu ya 1 na nafasi ya 200 katika fremu ya 11 kitawekwa na programu kwenye nafasi ya 150 katika fremu ya 6. Kinachojazwa, basi, ni thamani za namba, na mwanafunzi anayedhani kwamba programu "inachora" fremu za kati kama msaidizi wa studio atakwama mapema.

Hesabu ya namna hiyo haiwezekani mpaka programu ijue kwamba kitu cha mwanzo na kitu cha mwisho ni kilekile, na hapo ndipo inapoingia dhana ya simboli. Kuiita alama au ishara kungekuwa rahisi, lakini maneno hayo humfanya msomaji afikirie kitu kinachowakilisha kitu kingine, ilhali simboli ya uhuishaji haiwakilishi chochote: ni mchoro asilia unaotunzwa katika maktaba ya faili ili utumiwe mara nyingi. Neno kiolezo, linalotokana na kitenzi oleza, linaikaribia zaidi maana hiyo, ingawa linahitaji tahadhari moja, kwa sababu fundi cherehani akikirekebisha kiolezo chake, magauni aliyokwisha kuyashona hayabadiliki, ilhali katika programu hizi kila kilichotolewa kwenye kiolezo hubadilika papo hapo. Ndiyo maana kinachowekwa jukwaani kinafaa kuitwa nakala tegemezi, wala si nakala tu: nafasi, ukubwa, mzunguko na uangavu wake ni vyake peke yake, bali umbo lake limo katika kiolezo.

Mwanafunzi asiyeitambua tofauti hiyo hubofya mara mbili jani moja la mti ili alipake rangi ya manjano, akashtuka kuona majani yote yamegeuka manjano, kwa kuwa bila kujua ameingia ndani ya kiolezo. Anayetaka jani moja tu libadilike hana budi kuibadilisha rangi ya nakala yenyewe. Kosa jingine ni kurundika vitu kadhaa katika tabaka moja kisha kuomba ujazaji wa mwendo wa mtindo wa zamani, ambao hutaka tabaka liwe na nakala moja tu. Pengine fremu kuu ya mwisho haikuwekwa kabisa, na mstari wa muda huonyesha mstari wa vipande badala ya mshale kamili, dalili ndogo ambayo walimu wangefaa kuifundisha tangu siku ya kwanza.

Ujazaji wa umbo, unaogeuza mraba kuwa duara, hufuata kanuni iliyo kinyume: haukubali kiolezo, bali hutaka umbo ghafi, na programu hujichagulia yenyewe nukta ipi ielekee wapi, hivyo umbo huweza kujikunja vibaya katikati. Vielekezi vya umbo, vinavyotajwa kwa herufi kuanzia a hadi z, humwezesha mhuishaji kuamua kona ipi igeuke kuwa ipi.

Linalosumbua kuliko yote, hata hivyo, ni aina za violezo. Kiolezo cha klipu kina wakati wake chenyewe, kwa hiyo mdomo uliohuishwa ndani yake huonekana umeganda jukwaani mhuishaji anapoburuta kiashiria cha wakati, akadhani ujazaji umevunjika, kumbe mdomo utacheza filamu itakapojaribiwa. Kiolezo cha aina ya mchoro hufungamana na mstari mkuu wa muda, na huweza kuagizwa kionyeshe fremu fulani ya ndani kwa kila fremu ya nje, jambo linalokifanya kifae zaidi kwa midomo inayopaswa kwenda sambamba na sauti.