Zamu ya Usiku Ngome ya Yesu

Kuna usiku mmoja sikulala hata dakika tano, na asubuhi yake nikawa mtu mwenye furaha kuliko wote Mji wa Kale. Sitanii. Tulia nikueleze, maana nikimaliza hiyo habari nitakupeleka mpaka mwaka 1698.

Nilikuwa ndio nimeacha chuo. Nimerudi Mombasa na begi moja na laptopu, naishi chumba cha nyuma kwa bibi yangu, na maisha yamenikalia vibaya. Nalala masaa kumi na mawili, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Chakula sitaki, simu sipokei. Watu wakadhani ni uvivu, na mimi mwenyewe nikadhani hivyo hivyo. Sasa siku hiyo nilikuwa na video ya watu ya kuhariri, nimeichelewesha, nikasema leo nakesha niimalize. Adhana ya alfajiri ikanikuta macho makavu.

Nikatoka. Ndia Kuu iko tupu, paka tu, na upepo wa bahari. Nikatembea mpaka mbele ya Ngome ya Yesu, nikakaa. Ghafla nikahisi kama mtu ameninyanyulia gunia la mkaa mgongoni. Nikanunua mahamri na mbaazi, nikala yote nikaongeza. Nikawapigia simu watu niliokuwa nimewakimbia miezi miwili. Nikarudi nyumbani mbio: "Bibi, nimepona!"

Bibi akanitazama. "Umepona nini na macho mekundu kama pilipili? Nenda kalale."

Nikaenda kulala. Nilipoamka saa tisa mchana, gunia lilikuwa limerudi pale pale.

Nikadhani nimerogwa, wallahi. Kumbe jambo hili lina historia. Mwaka 1971 madaktari wawili wa Ujerumani, Burkhard Pflug na Rainer Tölle, waliandika kuhusu wagonjwa wenye huzuni nzito, ile ya hospitali, waliokeshwa usiku mmoja kwa makusudi, na wengi wao wakachangamka kesho yake. Mwaka 1990 watafiti Wu na Bunney walikusanya ripoti 61 za namna hiyo, wagonjwa zaidi ya 1,700. Asilimia 59 walipata nafuu baada ya mkesha. Lakini angalia mwisho wake: kati ya wale ambao hawakuwa kwenye dawa, asilimia 83 walirudi walikokuwa baada ya kulala usiku mmoja tu. Yaani gunia linarudi. Sio mimi peke yangu.

Hapo ndipo kichwa kinauma, maana upande wa pili pia ni kweli. Mwaka 2007 kikundi cha Matthew Walker kule Marekani kiliwaweka vijana wazima macho masaa kama 35, kisha kikawaonyesha picha za kuudhi huku ubongo wao ukipigwa picha. Ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na hasira, amigdala, iliwaka asilimia 60 zaidi kuliko ya wenzao waliolala. Na mawasiliano kati yake na sehemu ya mbele ya kichwa, ile inayosema "hebu tulia", yalikuwa yamelegea.

Kwa hiyo mtu mzima ukimnyima usingizi anakuwa mkali kama nyuki. Mtu mwenye huzuni nzito ukimnyima usiku mmoja anaweza kucheka. Usingizi ule ule, matokeo mawili. Ndio maana simwamini mtu anayekuambia mambo haya ni rahisi, ati "lala masaa manane utafurahi".

Mimi nilifanya upumbavu. Nilisoma nusu ya kwanza, ya pili nikaiacha. Nikaugeuza mkesha kuwa dawa. Nalala siku moja, nakesha siku moja, baadaye nakesha siku mbili mfululizo. Wiki tatu nilikuwa moto. Video zikatoka, watazamaji wakaongezeka, kila wazo nililiona la dhahabu. Wiki ya nne nikamfokea bibi kwa sababu ya kijiko. Kijiko, jamani. Alikiosha akakiweka mahali pengine, nikapiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. Bibi hakujibu. Alikaa tu akapanguza meza ambayo ilikuwa safi.

Nikatoka nyumbani kwa aibu. Nilienda wapi? Ngomeni tena. Nilikuwa natengeneza klipu za historia ya pale, kwa hiyo nshazoea. Siku hiyo ndiyo nilielewa kitu ambacho sikukipata darasani.

Darasani tulifundishwa hivi: Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593, mchoraji wa ramani akiwa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Buruji nne: São Filipe, Santo Alberto, São Matias, São Mateus. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yakaizingira. Desemba 1698 ikaanguka. Andika, kariri, kafanye mtihani.

Hakuna aliyetuambia kwamba miezi 33 ina usiku kama elfu moja. Elfu moja! Na kila usiku lazima mtu awe macho juu ya ukuta.

Hebu tufanye hesabu. Mwanzoni walikuwemo Wareno kati ya 50 na 70, na mamia ya watu wa pwani walioshikamana nao. Tuseme kila buruji inataka watu wawili macho. Nne mara mbili ni wanane. Ukiwa na mamia, wanane wakikesha si tatizo, zamu yako inakufikia mara moja moja. Unalala ukijua kuna mwenzako juu.

Desemba 1696 meli za msaada zikafika. Piga picha furaha iliyokuwa mle ndani. Lakini miezi iliyofuata maradhi yakaingia, yakawafagia. Kufikia Julai 1697 Wareno wa mle ndani walikuwa wamekwisha, na ngome ilikuwa mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, mtu wa kisiwa cha Pate. Alikuwa na nani? Watu 17 wa ukoo wake, wanaume 8 Waafrika na wanawake 50 Waafrika. Soma tena: wanawake hamsini. Ile ngome tunayoambiwa ni ya Wareno, kuna wakati ilisimama kwa sababu ya mtu wa Faza na wanawake hamsini ambao majina yao hatuyajui. Jumla watu 76. Toa wanane wa zamu, wanabaki 68. Bado inawezekana mtu akalala.

Septemba 1697 msaada mwingine ukaja kutoka Goa, na Desemba mwingine tena. Hapo ndipo ile manowari Santo António de Tanna ilipozama mbele ya ngome, Oktoba 1697. Vitu vyake viko pale makumbusho mpaka leo. Ukapita mwaka mwingine. Desemba 1698, waliobaki kushika ngome walikuwa kapteni, watu tisa na padri mmoja. Kumi na mmoja. Toa wanane wa kukesha, wanabaki watatu.

Watatu! Na kesho yake hao watatu wapande, wengine washuke. Kila usiku. Katikati kuna njaa, kuna maradhi, na nje kuna jeshi. Tarehe 13 Desemba 1698 ikaanguka. Vitabu vinahesabu mizinga, meli na maiti. Mimi nahesabu zamu.

Sio kwamba nawalilia Wareno, msinielewe vibaya. Watu wa pwani wenyewe walikuwa wamechoka nao. Nalilia hesabu. Maana niliitazama nikajiona. Mimi nilikuwa ngome ya mtu mmoja. Mimi ndiye kapteni, mimi mlinzi, mimi mgonjwa. Ile furaha ya mkesha wa kwanza ilikuwa kama meli za Desemba 1696: zinafika, mnashangilia, lakini maradhi yako ndani bado.

Sasa tuvuke mpaka twende Tanzania kidogo, karibu na ziwa Eyasi, kwa Wahadza, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma. Mwaka 2017 ilichapishwa tafiti moja. Watu wazima 33 walivalishwa vifaa mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Sio kwa usiku mmoja, ni jumla yote. Kwa wastani, wakati wowote wa usiku zaidi ya thuluthi yao walikuwa macho au wamesinzia kidogo tu. Na hakuna aliyepanga zamu. Vijana walichelewa kulala, wazee walilala mapema wakaamka mapema, na kambi ikawa na mlinzi bila mtu kuteuliwa.

Watafiti hao wakatoa wazo ambalo lilinishika: pengine wazee kulala kidogo kidogo si ugonjwa, ni kazi ya zamani. Bibi au babu anayeamka saa nane usiku alikuwa ndiye mlinzi wa ukoo.

Niliposoma hapo nikafunga laptopu. Maana bibi yangu huamka saa nane usiku. Siku zote. Namsikia akiburuza ndara, anagusa komeo la mlango, anakunywa maji, anarudi. Na mimi nilikuwa naona ni mzee tu anayesumbua wakati narekodi sauti.

Nikamwendea, nikamwomba radhi ya kijiko. Nikamuuliza kwa nini haalali. Akacheka. "Nshalala zangu ujanani. Sasa nasikiliza. Taa yako naiona chini ya mlango. Ikizima nami naenda."

Ikizima nami naenda. Wiki nne nzima yule mzee alikuwa akikesha kwa sababu mimi nakesha. Zamu ilikuwepo tangu mwanzo, ila nilikuwa namlazimisha mlinzi asishuke.

Kuna mtu atasema kulindwa si lazima kuwe raha. Kweli. Ngome hii hii, kuanzia 1895 mpaka 1958, Waingereza waliifanya jela. Usiku kulikuwa na askari macho pale pia, na Kiswahili kinawaita wote walinzi, wa mtoto na wa mfungwa. Lakini aliyelala selo alijua yule aliye macho hayuko pale kwa ajili yake. Kwa hiyo sidhani ni masaa pekee yanayoamua utaamkaje. Pia ni nani yuko macho, na yuko macho kwa ajili ya nani. Haya ni maoni yangu, sio ya daktari.

Ya daktari ni haya, na usiruke. Mkesha sio dawa ya kujitengenezea nyumbani. Wanaoutumia hospitalini hufanya hivyo chini ya uangalizi, na kuna watu ambao kukosa usingizi huwarusha kutoka huzuni mpaka wazimu wa furaha, wanatumia pesa zote, hawalali siku tatu, halafu wanaanguka vibaya. Mimi nilikuwa nanyemelea huko. Ukiona huzuni imekaa wiki mbili haiondoki, au umeanza kufikiria kujidhuru, mwambie mtu leo, nenda kliniki. Mimi nilienda. Niliona haya mlangoni, nikaingia hivyo hivyo.

Sijapona kama kwenye filamu. Kuna siku gunia liko. Lakini saa tano usiku taa yangu inazima, hata kama video haijaisha. Mwanzoni nilikuwa nazima ili bibi alale. Siku hizi usingizi unanichukua kabla sijasikia ndara zake.

Ukienda Ngome ya Yesu, tazama ile michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno karne ya 17, meli na watu. Wengi hupiga selfi wakapita. Wewe simama. Mtu aliyechora pale alikuwa mbali sana na kwao, na masaa yalikuwa hayaendi. Unamjua mtu huyo. Saa tisa usiku yuko kwenye simu yako, anakupigia laiki.

Kwa hiyo leo sikuulizi unalala masaa mangapi. Nakuuliza: nyumbani kwenu nani anazima taa wa mwisho, na umewahi kumwambia "nenda kalale, zamu hii ni yangu"?