Philippe asiye na makao alivyobadilisha ufunzaji wa lugha kwa tarakilishi
TUKITAJA ufunzaji wa lugha za kigeni kwa tarakilishi, wengi wetu huwazia programu za simu za juzi tu. Kumbe safari ni ndefu. Mfumo wa PLATO ulianza katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1960. Kwa miaka mingi, programu za lugha zilikuwa hasa za mazoezi: jaza pengo, bonyeza, uambiwe umepata au umekosa. Mwanafunzi angeweza kunyambua vitenzi vizuri na bado ashindwe kuagiza chai.

Mwaka 1983, chuo cha MIT kilianzisha Project Athena, na humo ukazaliwa mradi wa lugha ulioongozwa na Janet Murray. Mwalimu wa Kifaransa chuoni humo, Gilberte Furstenberg, akaja na wazo ambalo kwa maoni yangu halijapitwa na wakati. Kazi yake, À la rencontre de Philippe, inamtia mwanafunzi ndani ya Paris. Philippe ni mwanahabari aliyefukuzwa na mpenzi wake, na sasa hana pa kuishi. Mwanafunzi ndiye wa kumsaidia: asome matangazo ya nyumba gazetini, asikilize ujumbe ulioachwa kwenye simu, aingie nyumba hizo akazikague. Akitatizwa na maneno, maandishi yapo. Akichukua uamuzi tofauti, hadithi inaishia kwingine.

Ona ujanja huo! Utamaduni haukutengewa somo lake la Ijumaa. Ulikuwa mle mle ndani ya shida ya Philippe.

Filamu ilihifadhiwa katika diski ya video, pana kama santuri, ambayo upande mmoja ulibeba picha 54,000, yaani nusu saa hivi. Diski hiyo ndiyo iliyowezesha kuruka tukio hadi tukio kwa haraka. Ndiyo iliyoiponza kazi pia. Yale University Press iliichapisha mwaka 1993, lakini mashine za kuchezea diski zikaja kutoweka madukani.

Na Kiswahili je? Chuo Kikuu cha Georgia kilitayarisha Kiswahili kwa Kompyuta, maarufu kama KIKO, yenye video za mazungumzo. Ni hatua. Lakini mimi bado namsubiri Philippe wetu, anayetafuta chumba Mombasa. Akiingia bila hodi, au akiuliza kodi kabla ya kumwamkia mwenye nyumba, chumba kiwe kimeshachukuliwa.