Mpira mmoja na ng'ombe wawili

Haya wadau, leo sina stori ya bumu wala foleni ya kafeteria. Likizo nilikuwa nyumbani Ringwani, nikamkuta baba mdogo anatafuta mteja wa ng'ombe wawili. Land Cruiser yake ya kabureta, injini ya 2F, ilikuwa inavuja oili kila upande, na stiki ya kupimia oili inaruka yenyewe gari likipanda mlima. Fundi kasema ringi zimekufa, ni ovahoo tu. Kufungua boneti, naona mipira miwili ya kupumulia injini imekatwa na kuzibwa kwa bolti. Eti ilikuwa "inakula oili".

Sasa mipira hiyo ina historia. Mafuta yakilipuka kwenye silinda, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka chini kwenye krankikesi, hata injini ikiwa mpya. Lazima itoke. Zamani waliweka bomba tu linaloning'inia chini ya gari. Ukikimbia, upepo unavuta moshi nje, na hewa mpya inaingia kwenye kifuniko cha oili chenye wavu. Ukienda polepole bomba halivuti kitu, unyevu unabaki ndani na oili inageuka tope. Na vumbi letu la barabara ya Mugumu, wavu ule ungelizuia kweli?

Waliosukuma mabadiliko ni watu wa California. Miaka ya mwanzo ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ule ukungu mchafu wa Los Angeles unatokana na moshi wa mafuta ukipigwa na jua, na magari yamo. Magari mapya ya 1961 yaliyouzwa kule yakaanza kufungwa valvu ya PCV. Kufikia modeli za 1963 ikaenea Marekani nzima. 1961! Sisi tunapandisha bendera ya Uhuru, wao wanahangaika na mpira wa injini.

Mpangilio wenyewe ni huu: mpira mmoja unaleta hewa iliyochujwa kutoka ea klina hadi kifuniko cha tapeti. Mwingine unatoka ubavuni mwa injini, kupitia valvu, hadi manifoldi chini ya kabureta, ambako injini inanyonya, na gesi inachomwa upya. Sailensa ikiwa chini mnyonyo ni mkali, valvu inajibana; ukikanyaga mafuta inafunguka. Ule mwembamba wa distributa ni habari nyingine, usiuchanganye humo.

Kwa hiyo anayeziba yote miwili harudi hata enzi za bomba. Bomba angalau lilikuwa wazi! Gesi ikikosa njia inasukuma sili na stiki.

Tulinunua mipira mipya, valvu nikaiosha kwa petroli. Stiki imetulia, ovahoo imeahirishwa, ila sili ya nyuma bado inadondosha kidogo. Ng'ombe mmoja alikuwa ameshauzwa mnadani.

Haya, lekcha ya saa nne inaniita.