Siti ya Vespa Iliundwa Ivuliwe

Kava ya siti huchakaa mapema kuliko sehemu nyingi za skuta, na mara nyingi ndiyo hukumbukwa mwisho. Ikipasuka, wengi huifunika kwa mfuko wa plastiki au kuibandika utepe, kwa hoja kwamba injini ni nzima na siti ni urembo tu. Historia ya Vespa, skuta ya Kitaliano ambayo barabara za Unguja zimeizoea kwa vizazi, haiungi mkono hoja hiyo. Jinsi siti yake ilivyoundwa inaonyesha kwamba tabaka la juu lipo ili lichakae kwa niaba ya mengine. Kulibadilisha ni matengenezo ya chombo, na anayechelewa hulipia zaidi.

Mwanzo wa Vespa ni mji wa Pontedera, Italia, ambako kiwanda cha ndege cha kampuni ya Piaggio kiliharibiwa kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Enrico Piaggio, mkuu wa kampuni hiyo, alitaka chombo cha bei nafuu kwa watu wa kawaida, akamkabidhi kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki za wakati ule. Hataza iliombwa tarehe 23 Aprili 1946. D'Ascanio hakutaka mtu atanue miguu kulipanda tangi. Alimkalisha wima, miguu mbele, na ndiyo maana mwenye sketi kule Roma na mwenye kanzu au buibui huku Unguja waliweza kuipanda bila taabu. Lakini ukaaji huo una gharama yake. Mwendesha pikipiki hubana tangi kwa magoti na kujiinua kidogo kwa nyayo afikapo penye shimo. Wa Vespa hutua karibu uzito wake wote juu ya siti, tena kwenye magurudumu ambayo mwanzoni yalikuwa ya inchi 8 tu. Tangi nalo liliwekwa chini ya siti, hivyo kila anapotia mafuta huiinua kwa mkono, na matone ya petroli huweza kuigusa.

Siti za kwanza zilikuwa za mtu mmoja, zikikaa juu ya springi. Mwaka 1955 Vespa 150 GS ilitoka na siti ndefu ya watu wawili, na mtindo huo ukaenea. Eneo la kufunikwa liliongezeka wakati ambapo viwanda vya kemikali vilikuwa na vitu vipya vya kulifunikia. Mmarekani Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa amegundua katika miaka ya 1920 namna ya kuilainisha PVC, plastiki ambayo kwa asili ni ngumu. Mjerumani Otto Bayer na wenzake walianzisha kemia ya poliyurethani mwaka 1937, na sponji laini iliyotokana nayo ikaingia sokoni katika miaka ya 1950. Ngozi bandia ya PVC juu, sponji katikati, fremu chini: muundo huo umetawala hadi leo. Kava huvutwa ikakaza, kisha hushikwa pembezoni mwa fremu, na fundi huweza kuivua bila kuharibu kilichomo ndani.

Ulaini wa ngozi bandia hutokana na vilainishi vilivyochanganywa ndani yake. Jua na joto huvitoa polepole, petroli huvinyonya, na kava hukauka. Aghalabu hupasuka penye mshono, ambapo sindano imeshatoboa na uzito wa mwili huvuta kila siku. Kuanzia hapo sponji hunywa maji ya mvua na kuyashikilia, mwanga huifanya iwe njano na kumeguka, na fremu ya chuma hushikwa na kutu upande wa ndani, ambako jicho halifiki.

Wapo wasemao ni rahisi zaidi kununua siti nzima mpya. Ni kweli pale fremu ilipokwisha kuliwa na kutu, lakini mara nyingi ilifikia hapo kwa sababu kava iliachwa ipasuke. Wengine hutegemea utepe na gundi. Vitu hivyo huzuia maji kwa muda, lakini haviwezi kurudisha ulaini uliokwisha kutoka, na kava iliyokauka hupasuka tena pembeni ya kiraka. Hoja nzito zaidi ni kwamba kava mpya ya ovyo nayo itapasuka upesi. Hilo linatutaka tuchague vizuri: ngozi bandia nene yenye kitambaa nyuma, mishono michache sehemu ya kukalia, na sponji iliyokauka kabisa kabla ya kufunikwa.

Fundi wa kushona siti anastahili heshima tunayompa fundi injini, kwa kuwa kazi yake huongeza umri wa chombo. Na wanaounda skuta za leo, zikiwemo za umeme, wana wajibu wa kuuendeleza muundo wa kava inayoweza kuvuliwa. Siti isiyoweza kuvuliwa kava humlazimisha mnunuzi atupe fremu na sponji nzima kwa sababu ya mpasuko wa juu, na hasara hiyo inaepukika kwa ujuzi uliopo tayari.